Mgongo Wangu na wa Mama Chebet

Jumanne, 4 Machi
Nimefungua duka, nimefagia, nimepimia mteja maharagwe. Kiti bado kiko ukutani. Tangu wezi wanikabe kwa nyuma humu dukani Desemba, sitaki mtu nyuma yangu. Hata kanisani nakaa benchi la mwisho.

Nasimiyu, binti yangu, anarudi kazini mwezi ujao. Mtoto wake Barasa halali ila mgongoni. Jana nilifungiwa mtoto kwa shuka, nikatetemeka mpaka akaondolewa. Nisipoweza, atalelewa na nyanya yake mwingine, kule Moi's Bridge. Nimelia jikoni.

Alhamisi, 6 Machi
Nimetoka Kitale mapema. Bungoma, ukumbi wa kanisa. Nasimiyu ndiye aliyenisukuma. Ati tiba ya kucheza. Nilidhani watanipa dawa. Mwalimu Nekesa ametuambia tutikise mabega, ile ngoma ya kamabeka, kama harusini. Watu wazima saba tunatikisa mabega saa nne asubuhi, na hakuna anayeoa. Nimeona haya.

Alhamisi, 13 Machi
Aibu. Tuliambiwa tuegemeane migongo, wawili wawili. Mimi na Mama Chebet wa Mlima Elgon. Aliponigusa niligeuka nikamzaba kofi. Kofi la kweli. Nekesa hakunikemea. Aliniuliza tu kama naisikia sakafu miguuni. Sirudi.

Alhamisi, 20 Machi
Nimerudi. Mama Chebet alikuwa ameniwekea nafasi. "Leo nimekuja na helmeti, bana," akasema. Hakuwa nayo. Watu wakacheka.

Safari hii niliachiwa niamue mwenyewe. Nekesa alipiga ngoma polepole. Nikarudi nyuma hatua moja, nikasimama, nyingine. Migongo ikagusana. Kisha nikahisi mgongo wake unacheka. Nikacheka, nikalia, sijui nini kilianza. Mungu ambariki yule mama. Ningepigwa mimi, nisingerudi.

Alhamisi, 27 Machi
Tumecheza kwa mstari, mimi katikati, mtu nyuma yangu. Mama Chebet nimempelekea maharagwe. Mtoto bado sijamjaribu. Naogopa.

Jumanne, 1 Aprili
Nasimiyu ameenda kazini. Begi la mtoto alikuwa amelipanga tayari kwa Moi's Bridge. Nimelifungua, nimetoa shuka, nimejifunga Barasa mwenyewe. Nilitetemeka. Nikatikisa mabega polepole, akadhani tunacheza.

Asante Mungu. Naandika nikiwa nimesimama kwenye kaunta. Nikikaa ataamka.