Bawabu Niliyemfukuza

Fundi,

Tangu tukuzike Kwihara, kutoka Kaliua mpaka Igalula hakuna injini inayothubutu kuchemsha bila kuniomba ruhusa. Gari likisikia nakohoa, linajiwasha lenyewe. Juzi hata treni ilisimama stesheni, nikajua tu inataka nikaipime maji.

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, kwa sauti yako.

Ungekuwepo ungesema, "Masanja, mdomo wako unakunywa mafuta kuliko lori." Sema tena basi.

Gereji ipo. Jeki lako kubwa bado linavuja. Kiti chako cha tairi nilikikalia mara moja, nikainuka kabla hakijapata joto. Mkeo, Bi Zuhura, aliendelea kutuletea uji asubuhi, na kikombe chako alikileta vilevile, kisha akakirudisha kikavu.

Unaikumbuka pikapu ya Mwalimu Neema? Ililetwa inachemsha wakati wewe uko kitandani, unaumwa. Nikakuta themostati imekwama, kile kimlango kinachozuia maji yasikimbilie kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Wewe ulikiita bawabu. Mafundi wa mjini hapa wanakitoa na kukitupa, eti Tabora ni joto, bawabu wa nini. Ni wewe tu uliyekuwa mkali: "Bawabu akilala hafukuzwi, anabadilishwa."

Mimi nikamfukuza. Pikapu ikaacha kuchemsha, nikatembea kifua mbele mpaka sokoni. Jioni nilipokuja kukuona uliniuliza, kwa ile sauti iliyobaki nusu, "Umeweka bawabu mpya?"

Nikasema, "Yupo kazini, Fundi."

Ukatabasamu. Lile tabasamu... basi, acha.

Kipupwe hiki Mwalimu Neema alimpeleka mama yake mzee Makete. Baridi ya huko si hii yetu ya kuvaa sweta alfajiri na kulivua saa nne. Hita ikapuliza baridi njia nzima. Kioo kikajaa ukungu, akawa anakifuta kwa kanga huku anaendesha, nusura alivae lori la mbao. Bibi karudi kifua kinakoroma.

"Hita yenu hii," Mwalimu akaniambia, "inapuliza kama mtu anayepoza uji."

Nilipima ulivyonifundisha: gusa kwanza, fungua baadaye. Maji yalijaa. Mipira miwili ya hita yote ilikuwa na uvuguvugu sawasawa, kwa hiyo hakuna palipoziba. Mshale wa joto umelala chini kama mlevi. Injini ilipopoa nikaiwasha upya, nikashika mpira wa juu wa rejeta. Ulipaswa kukaa baridi kwanza. Ukaanza kupata moto pale pale, mkononi mwangu. Maji yalikuwa yanapita tu, mlango wazi, hakuna bawabu. Nilikuwa najua hata kabla sijagusa, Fundi. Nilikuwa nagusa ili nichelewe kusema.

Mwalimu akauliza, "Nani alifungua hapa mara ya mwisho?"

Bi Zuhura alikuwa palepale, anamimina uji. Nikajibu haraka. Unanijua, mimi hujibu haraka.

Mwalimu akashusha pumzi. "Kumbe hata yeye! Na nilivyomwamini miaka yote." Bi Zuhura akafunika chupa, akachukua kikombe chako, akaondoka bila kuaga. Leo siku ya nne hajaleta uji.

Bawabu mpya nimeshamweka. Hita inapuliza joto mpaka Mwalimu kafungua dirisha. Lakini jina lako halikazwi kwa spana, nimejaribu kufikiria namna zote. Mjini hapa ulikuwa fundi mmoja tu ambaye watu walimwachia ufunguo na kwenda zao.

Kesho, kabla sijafungua gereji, naenda kwa Bi Zuhura. Halafu kwa Mwalimu, nimwombe radhi yeye na mama yake. Nitasema nimesimama, bila utani hata mmoja, na wewe unajua hiyo kwangu ni adhabu. Wakinifukuza, basi. Bawabu mwenyewe nilimfukuza.

Lala, Fundi wangu. Sina uso wa kukuomba unijibu. Acha nifanye mazoezi hapa kwako kwanza:

Aliyetoa bawabu ni mimi, Masanja. Nikasema ni wewe, kwa sababu wewe hukuweza kukataa.