Kibofu cha Mwalimu Mkuu

Jumatatu, 4 Machi

Mionzi, wiki ya pili. Chumba cha kusubiri kimejaa wazee wenye chupa za maji, kila mmoja ananyonya kama mtoto mchanga. Ndiyo hospitali hii! Maisha yangu yote nimekuwa mwalimu mkuu, watoto wa watu wakiniomba ruhusa ya kwenda chooni. Leo naomba mimi, na nanyimwa.

Anayeninyima ni binti wa mashine. Namwita Bibi Jeli. Anakupaka jeli ya baridi chini ya kitovu, anakandamiza kidude cha altrasaundi juu ya kibofu kilichofura, anaitafuta tezi dume kwenye skrini, kisha anasogeza kitanda — huku kidogo, kule kidogo. Eti tezi haitulii, kila siku lazima itafutwe upya kabla ya kupigwa mionzi. Hata tezi yangu haina adabu.

Jumanne, 5 Machi

Konda kajikojolea! Ashakum si matusi. Huyu mzee alikuwa kondakta wa basi, domo kama tarumbeta, hunitangulia kwenye foleni kila asubuhi. Kidude kilipokandamizwa tu, maji hayo! Mbele ya binti! Katoka na suruali nyingine, anacheka, anatusimulia sote. Haya hana hata chembe.

Mimi heri nife kwanza.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata dawa yake. Kabla ya kuitwa nilipita chooni kimyakimya. Nikajilaza mwepesi, raha mustarehe. Bibi Jeli kakandamiza, kakunja uso. Kaniuliza kama nimekunywa maji. Nikamwambia mtungi mzima.

Kanionyesha skrini. Eti kibofu kilichojaa ndicho dirisha lake. Bila maji haoni tezi, na utumbo unashuka njiani, mionzi itauunguza. Ninywe tena, nisubiri. Nikamwambia mashine yake mbovu, nikaondoka zangu. Mtoto wa juzi ananisahihisha mimi!

Alhamisi, 7 Machi

Nimefanya vilevile. Bibi Jeli kanigundua vilevile.

Daktari kaitwa. Kijana, tai imemkaba shingo. Kasema siku zikirukwarukwa uvimbe wa tezi unapata kupumua, na uvimbe hausubiri heshima za mtu. Mke wangu alikuwa mlangoni, kasikia yote.

Tulipofika nyumbani akasema: mficha uchi hazai. Nikamjibu tumeshazaa, tena wanatosha. Hakucheka. Akaingia jikoni, nikasikia analia. Analia! Mwanamke aliyemzika mama yake macho makavu! Mimi bado mzima, analia nini?



Ijumaa, 8 Machi

Naandikia hapahapa kwenye kiti, nisije nikakifikiria kibofu. Nimekunywa chupa yote, mke wangu akinisimamia kama askari jela. Na leo, katika siku zote, mashine imegoma! Fundi yuko ndani, anagongagonga. Jasho linanitoka. Hata kukohoa sithubutu.

Konda keshapigwa mionzi yake kabla mashine haijagoma, angekwenda zake. Hapana. Viti vyote hivi, kaja kukaa ubavuni mwangu. Kaninong'oneza — kumbe anaweza kunong'ona — kwamba siku ile, kabla ya kutoka na kicheko chake, aligeukia ukutani akalia. Bibi Jeli alifuta kitanda tu, akamwambia hapo hata majaji wamemwaga. Kisha Konda kaniwekea mfuko wa plastiki miguuni. Ndani suruali yake ya akiba. Imepigwa pasi.

Nimemwambia aondoe takataka zake. Kanipigapiga begani, kaenda. Mfuko kauacha.

Suruali ya kondakta! Mimi!

Fundi katoka. Bibi Jeli yuko mlangoni, anaita jina langu. Sijui hata nitanyookaje. Mke wangu kanishika kiwiko, anauliza mfuko huu ni wa nani, tuuache?

Nimemwambia wangu.