Ekari za Mama Koku

Jumanne jioni, Nyaishozi

Kwa nini nilijibu haraka vile? Mafundi wa programu yetu ya simu ya wakulima waliniuliza swali moja tu kwenye kikao kimoja, wiki mbili zilizopita: mkulima ataje ukubwa wa shamba lake la kahawa kwa ekari au kwa idadi ya mibuni? Mwenye kuamua ni mimi. Niliogopa kuonekana sijui, nikasema, "Ekari." Wakaifanyia kazi wiki mbili nzima.

Leo nimempelekea Mama Koku, mkulima wa kahawa hapa kijijini, simu aijaribu hiyo programu. Nikamwamkia, akaitikia, tukakaa kibarazani. Alipofika penye ekari akaniangalia.

"Mwanangu, kahawa yangu iko ndani ya migomba, mbuni mmoja hapa, mwingine kule. Hizi ekari ni za ndizi au za kahawa? Mibuni ninayo mia na ishirini. Mbona hiyo huniulizi?"

Nikachukua simu, nikamuaga.

Nikampigia Projestus, mkubwa wa mafundi wetu, nikakiri kwamba nimekosea. Nilijua atalalamika kazi yao imepotea bure. Badala yake akasema kwa upole, "Tulijua, dada. Hata kwetu Kamuli tunahesabu mibuni. Ila wewe ulishaamua, tukaona tusikupinge."

Ekari tutazifuta, hilo dogo. Kesho nitawauliza wao kwanza, halafu nijikaze ninyamaze hadi waseme.

Lakini tangu tuanze nimeshaamua mambo mengi, na kila mara wamenijibu, "Sawa, dada."