Jina Nililoshindwa Kutafsiri

Alhamisi, usiku

Sikumwamini tangu mwanzo. Milena, mhadhiri wetu Mserbia, anatufundisha jinsi riwaya na michoro ya Waslavi inavyotunza kumbukumbu za vita, na wiki nzima alikuwa akiniomba nimpeleke kwenye saluni ya mama, hapa mtaani kwetu Greyville. Nilihisi anatafuta machozi ya Wakongo kama sisi ya kutia kitabuni mwake.

Leo amekuja. Hata hajaketi vizuri, ameshatoa simu arekodi.

"Mwambie azime kwanza," mama akaniambia, mikono bado kwenye nywele za mteja. "Muulize, kwao nani alikufa?"

Nikatafsiri. Milena akazima simu. Akasema kaka yake alitoka asubuhi moja ya vita na hakurudi, na mpaka leo mama yao hafungi mlango kwa ufunguo.

Mama akamaliza msuko mmoja, kisha akasema, "Wangu ni Amani. Mutoto wangu wa kwanza. Tulimuzika njiani, tukikimbia vita, tukitoka Uvira."

Hapo tafsiri ikanikwama. Siku zote nilijua mtoto wa kwanza ni mimi.

Mgeni alipoondoka nikauliza, "Mama, kwa nini umwambie yeye, si mimi?"

"Yeye anarudi kwake. Wewe ungebaki nayo humu ndani."

Bado simwamini Milena. Lakini sasa hata mama namshuku. Nilimuuliza kama iko picha ya Amani.

"Iko," akajibu, akaendelea kufagia nywele.

Tunaishi chumba kimoja. Nilidhani ninajua kila kitu kilichomo.