Usiifukuze

Baba Pacha,

Pole na kazi huko uliko. Sisi wazima. Pacha wako wameng'oka meno ya mbele wote siku moja, na wamekataa kuyatupa mpaka uyaone.

Usishangae mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto. Bado napiga picha machimbo ya kokoto kutoka angani. Vumbi ni lile lile, droni ikitua chini mota zinakula mchanga, kwa hiyo bado tunaidaka kwa mkono. Nasema tunaidaka, kumbe niko peke yangu: rimoti kushoto, mkono wa kulia juu. Jumanne droni ilipohisi kiganja changu chini yake ikapanda, kama kawaida yake. Nilikuwa hoi, nikairukia. Mapanga yake yanayozunguka yakanipitia vidole viwili. Nikashonwa nyuzi tisa.

Msimamizi wa machimbo akaniuliza, "Mama, si ungeiacha ianguke?" Nikamjibu, "Ianguke, halafu watoto wale nini?"

Wewe ulinifundisha: "Usiifukuze. Simama, nyoosha mkono, subiri itulie. Ishike tumboni, na usiiachie mpaka mapanga yasimame." Jana nilifanya hivyo hivyo kwa mkono wa kushoto, rimoti nimeibana kwenye bandeji. Ikashuka yenyewe, taratibu.

Na wewe sijakufukuza, mume wangu. Mwaka wa pili huu nimesimama tu, mkono juu. Lakini droni hurudi kwa sababu chaji yake inaisha. Wewe sijui unasubiri nini, na mkono wangu umeanza kushuka.

Ni mimi,
Mama Pacha