Daksha Aliacha Vidonge

Khaemba, leo sina utani. Dadangu Daksha amelazwa.

Unajua tangu apewe figo ya Mama kule London anameza vidonge vya kuzuia mwili usiikatae, na ndivyo vilivyomjaza mashavu. Sasa familia ya kijana wa Kisumu ilikuwa inakuja kumposa. Akaacha kumeza. Mwezi mzima, bwana. Eti uso upungue.

Na ulipungua. Wageni wakamsifu, wakamaliza sambusa zetu.

Leo daktari anasema figo imekufa. Imekufa, Khaemba.

Nikamuuliza, "We Daksha, ulikuwa unafikiria nini?"

"Ashok, wewe hujawahi kukaguliwa kama ng'ombe mnadani."



Mama hajalia. Anamfuata daktari kwenye korido akimwambia, "Chukua hii iliyobaki."