Samaki wa Tatu

Jumapili, 2 Machi

Tangi limeiva. Ndivyo asemavyo Profesa wa duka la samaki. "Kuiva" — utadhani ni sufuria ya viazi. Wiki sita nimefuga maji matupu! Lita sitini, chumvi, mchanga, mawe, pampu inanguruma usiku na mchana, na ndani hakuna hata mdudu. Mzee aliwatangazia majirani kwamba mkewe ameanza ufugaji wa maji.

Leo nimepima mbele yake ili aone. Matone manane ya chupa ya kwanza, manane ya pili, tikisa, ngoja. Kimrija kikabaki njano safi. Njano ni salama. Kijani ni sumu — ile inayotokana na uchafu wa samaki na chakula kilichooza. Mzee akainama, akatazama na miwani, akatazama bila miwani. Akauliza, kama limeiva, tupakue?

Masharti ya Profesa: viumbe waingie kidogo kidogo, chakula chembe sita kwa siku na si zaidi, na kila jambo liandikwe kwa tarehe. "Tangi kubwa linakuvumilia, mama," aliniambia. "Dogo linakushtaki siku hiyohiyo." Ndiyo maana nimenunua hili daftari, ukurasa mmoja kwa siku. Naona nimeshaanza kuandika na yasiyo ya tangi. Basi, nani atasoma?

Dada aliuliza kwa nini tangi, kwa nini si maua kama watu wengine. Jibu analijua. Mama alisahau kwa miaka saba. Alianza na funguo, akamaliza na sisi. Kliniki alikuwa akilia mpaka tumkalishe mbele ya lile tangi la mapokezi, hapo ananyamaza na uso unamrudia. Mimi nimechukua pua yake na vidole vyake. Dada husema tuombe urithi uishie hapo. Ninaomba. Kila siku ninaomba, kwa sababu kazi yangu ni kuwahesabia watu vidonge. Miaka ishirini na miwili nyuma ya kaunta ya duka la dawa, sijakosea hata kimoja. Siku nitakayokosea, mtu anaweza kufa.

Jumatatu, 3 Machi

Konokono wanne. Nimewazoesha maji mapya tone kwa tone kwa mrija, saa nzima, nimekaa kwenye kigoda kama muuguzi na dripu. Mzee alipita akauliza wagonjwa wanaendeleaje. Wamepanda kioo, wanalamba. Chakula bado hawahitaji.

Jumamosi, 8 Machi

Samaki! Wawili, wa rangi ya chungwa, mistari myeupe. Profesa alisema mke na mume huhesabiwa kama mmoja. Jike ndiye mkubwa na ndiye mwenye amri, dume anamfuata nyuma. Mzee akasema basi hapa hamna jipya, angeokoa hela ya nauli.

Na tumbawe moja laini, dogo kama kifungo cha koti. Limefunguka jioni hiihii.

Profesa amenikanya: mwingine yeyote asiingie kabla ya tarehe ishirini na mbili, hata nikilia. Sumu hupanda kwanza, halafu vijidudu vya kwenye mawe huila taratibu. Ukiwaletea mzigo mkubwa ghafla wanashindwa. Nimeandika ishirini na mbili kwa wino mwekundu nyuma ya jalada.

Jumatatu, 10 Machi

Nimelisha kabla ya kwenda kazini, chembe sita. Jike kala nne, dume mbili. Ndoa.

Kazini foleni ndefu, kila mtu na kikohozi chake. Mfamasia wetu — binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu, lakini ana adabu — aliniuliza funguo za kabati. Nikasema sijui. Zilikuwa shingoni mwangu! Tulicheka. Yeye alicheka kidogo tu.

Nimefika nyumbani saa kumi na mbili. Samaki wanakuja kioo mpaka kioo, wana njaa, maskini. Leo bado hawajala. Nimewapa chembe sita. Wamekula kama hawajaona chakula tangu juzi, isipokuwa chembe tatu zimebaki mchangani.

Jumanne, 11 Machi

Kijani. Si sana, kama maji ya majani ya mpunga, lakini si njano tena. Konokono mmoja ameanguka chali na ananuka.

Nikafungua kopo la chakula. Limefika nusu! Kwa chembe sita kwa siku lingetosha miezi minne. Nyumba hii ina watu wawili, na mimi si mwizi. Nikamwambia Mzee: huruma yako itaua samaki wangu. Akasema hajagusa kopo hilo, hata kifuniko chake hajui kinafunguka upande gani. Sikumwamini. Fundi umeme miaka thelathini, ashindwe na kifuniko?

Halafu akaenda kumtoa konokono aliyekufa, bila utani wowote. Mzee akikosa utani, kuna jambo.

Jumatano, 12 Machi

Siku njema. Nimepitia dukani kwa Profesa baada ya kazi. Mwenyewe hayupo, yupo mkewe, mama mcheshi, ameniuzia samaki mdogo wa njano kama ganda la ndizi. Anachimba shimo mchangani, anakaa mlangoni, analinda. Nimempenda papo hapo.

Maji hayana shida, njano tangu Jumapili. Nimemwingiza wakati Mzee yuko bafuni, sijamwambia, nataka ashtukie mwenyewe. Atasema nimeoa wa pili.

Jumatano, 12 Machi, tena

Nimelisha. Chembe sita.

Alhamisi, 13 Machi

Kijani kabisa! Kijani cha chupa. Tumbawe limejifunga kama ngumi. Konokono watatu wameanguka. Nimebadilisha maji lita kumi na tano, mikono imenichubuka kwa chumvi.

Nilipaza sauti. Nilimwambia Mzee maneno ambayo sikumwambia hata mwaka ule alipopoteza kazi. Na yeye, badala ya kukataa kama juzi, akajibu upesi: sawa, ni mimi, nililisha mimi, nisamehe. Upesi mno. Mtu mwenye kosa husitasita kwanza. Nikabaki na hasira yangu mkononi, sina pa kuitua.

Jioni nimemkuta uani anaongea na Dada kwa simu. Aliponiona akasema "haya shemeji, tutaongea", akakata. Tangu lini hawa wawili wana ya kuongea? Dada humpigia sikukuu kwa sikukuu.

Wananizunguka. Sijui ni jambo gani, lakini wananizunguka.

Ijumaa, 14 Machi

Kuna samaki tangini nisiyemjua.

Nimeinama kupima asubuhi, nikaona macho mawili kwenye shimo chini ya jiwe. Samaki wa njano. Wa njano! Nilikanywa hadi tarehe ishirini na mbili, imeandikwa kwa wino mwekundu, na mtu kaingia nyumbani mwangu akatia samaki wa tatu kwenye maji yenye sumu. Dume la chungwa limekufa. Limelala nyuma ya pampu, jike linalisukuma kwa pua.

Nikamuita Mzee. Akaja, akaona, akakaa chini palepale kwenye kigoda. Akasema ni yeye aliyenunua. Nikamuuliza lini. Akasema juzi. Bei gani? Akasema ya kawaida. Samaki gani huyu? Akasema, samaki wa njano. Mtu hajui hata alichokinunua!

Nimempigia Profesa. Alikuwa mkali kuliko mimi. Alisema mkewe ndiye aliyeuza, Jumatano jioni, aliuza kwa sababu mteja aliapa kwamba maji yake yapo salama. Nikauliza, mteja gani? Akajibu kwa upole, si kwa sauti yake ya kawaida: "Ni wewe, mama. Ulikuja na koti lako la kazini."

Nimekata simu. Wote wamepanga. Mzee, Dada, sasa na muuza samaki na mkewe. Lakini wapange hili kwa faida gani?

Kazini nimehesabu kila bahasha ya vidonge mara tatu. Mfamasia amekuwa akizifungua nyuma yangu na kuhesabu tena. Sijui tangu lini anafanya hivyo.

Jumamosi, 15 Machi

Nilitaka kujua nilibadilisha maji lini. Nikafungua kurasa za nyuma za daftari hili.

Jumatano. Mwandiko wangu. "Kama ganda la ndizi." Ndivyo nisemavyo mimi, hakuna mwingine asemaye hivyo. Nimeusoma ukurasa huo nimesimama, nikausoma nimekaa. Hakuna kilichorudi. Si duka, si mke wa Profesa, si mfuko wa maji mkononi. Nasoma habari za mwanamke mmoja mwenye furaha, na simjui.

Nikasoma Jumatatu. Asubuhi chembe sita. Jioni "bado hawajala". Si Jumatatu tu bila shaka, ni siku zote ambazo sikuandika.

Ninaogopa. Niandike hivyo hivyo bila kupamba: ninaogopa.

Mzee alikuwa jikoni anakausha vikombe. Nikamwekea daftari mbele. Hakulisoma. Alikuwa anajua limeandikwa nini, au alikuwa hahitaji kujua.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu kabla ya tangi." Alikausha kikombe kilekile kilichokwisha kauka. "Mara ya kwanza ulilipa bili ya maji mara mbili. Nikasema ni uchovu. Halafu ulimuita binti yetu kwenye simu kwa jina la mama yako."

"Ukasema wewe ndiye uliyelisha."

"Nilitaka iwe ni mimi," akasema. Akaanza kulia, mtu ambaye sijamwona akilia hata makaburini. Mimi nilimshika mkono na macho yangu makavu kabisa. Nilikuwa nawaza duka la dawa. Nilikuwa nawaza bahasha. Tangu kabla ya tangi ni miezi mingapi? Bahasha mia moja kwa siku.

Jumapili, 16 Machi

Mzee amelisha. Nimeandika: amelisha yeye. Kopo analo yeye, mfukoni.

Dada amekuja. Ametulia mno, ameleta matunda kama kwa mgonjwa. Miadi ya daktari ni Jumanne. Wote wawili wanataka kesho nisiende kazini. Nimekataa. Miaka ishirini na miwili, siwezi kutoweka kama mwizi. Nitakwenda mapema, nitamwambia Mfamasia kabla hajafungua, nitamkabidhi funguo mkononi, nitarudi. Nusu saa. Mzee alitaka kunisindikiza. Nikamwambia mimi si mtoto. Nilisema kwa ukali, na sasa najuta.

Daftari nitalibeba. Kuanzia sasa kila nifanyalo naliandika papo hapo, kabla halijaniponyoka.

Jumatatu, 17 Machi

Saa mbili kasorobo. Nimefika. Mfamasia hayupo. Ametuma ujumbe: mwanawe ana homa, nifungue, atafika saa nne. Nimempigia nimweleze, simu haipatikani.

Watu wanne wako nje. Nimefungua mlango nusu ili wasisimame juani. Nitauza sabuni na plasta tu. Dawa ya cheti cha daktari sigusi. Narudia: dawa ya cheti sigusi. Nimewaambia wasubiri saa nne.

Wa kwanza ni mama mwenye mtoto mgongoni. Mtoto anahema vibaya. Anasema hawezi kusubiri. Nimemwambia asubiri.

Saa tatu na dakika kumi. Amebaki mmoja. Babu mmoja mwenye fimbo, amekaa kwenye benchi.

Nilikuwa naandika hapo juu kwamba wasubiri, na walikuwa wanne. Nimemuuliza babu wenzake wako wapi. Amesema, "Si umeshawahudumia, mwanangu? Wameshukuru, wameondoka." Amesema mimi ni mwepesi, Mungu anibariki.

Kabati liko wazi. Funguo ziko kwenye mlango wake. Kwenye kaunta kuna makopo mawili ya vidonge, hayana vifuniko, na kile kijiko cha kuhesabia. Makopo hayo ni ya rangi moja. Moja ni la antibiotiki. Jingine ni la dawa ya moyo, ya watu wazima.

Daftari la dawa: mistari mitatu mipya, mwandiko wangu, majina matatu, saa. Mbele ya majina mawili, dawa ya maji ya kikohozi. Mbele ya jina la mtoto nimeandika antibiotiki, nusu kidonge mara tatu. Nimeandika hivyo. Kuandika si kutoa.

Namba ya simu ya yule mama haipo. Babu anasema anaishi ng'ambo ya soko, hajui nyumba. Nimempigia Mzee, anakuja na teksi, atamtafuta. Ameniambia nihesabu kilichobaki, kopo kwa kopo. Lililopungua ndilo lililotoa dawa ya mtoto.

Jumamosi jioni kopo la dawa ya moyo lilikuwa na vidonge mia mbili na nne, imeandikwa kwa mkono wa Mfamasia. Nahesabu kumi kumi, kila kumi naandika hapa.

Kumi. Ishirini. Thelathini. Arobaini. Hamsini. Sitini. Sabini. Themanini.

Babu ameniuliza kama zamu yake imefika. Nimemwambia bado.

Sabini. Themanini. Tisini. Themanini